Picha Zilizotundikwa Bila Maneno

Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa uliitisha mjini Geneva, Uswisi, mkutano mkubwa wa kimataifa juu ya suala la Palestina. Miongoni mwa washauri wa mkutano huo alikuwamo Mpalestina mmoja aliyekuwa akiishi ng'ambo, mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, jina lake Edward Said. Yeye alipendekeza kwamba mpiga picha hodari wa Kiswisi, Jean Mohr, atumwe kwenda kuwapiga picha Wapalestina katika maisha yao ya kila siku, na picha hizo zitundikwe katika ukumbi wa mkutano ili wajumbe wawaone watu ambao habari yao walikuwa wakiijadili. Pendekezo likakubaliwa. Mohr akasafiri, akarudi na picha zake.

Hapo ndipo likatoka sharti. Picha zingeruhusiwa kutundikwa, lakini chini yake yasiandikwe maneno. Liandikwe jina la nchi au la mahali, basi. Asiandikwe mama huyu ni nani, nyumba hii ilikuwa ya nani, wala mtoto huyu amefikaje hapo. Marekani na Israeli hawakuhudhuria mkutano ule, kwa hiyo hawakuwa wao waliokaa ukumbini na kukataa. Kwa maelezo ya Said mwenyewe, pingamizi lilitoka kwa baadhi ya nchi zilizoshiriki, zikiwamo zile zilizokuwa zikijinasibisha hadharani na haki ya Wapalestina. Picha zikatundikwa, zikawa bubu.

Said hakulisahau jambo lile. Mwaka 1986 alitoa pamoja na Mohr kitabu kiitwacho After the Last Sky, na humo akayatia yale maneno yaliyozuiliwa Geneva. Miaka miwili kabla yake alikuwa amekwisha kuandika makala mashuhuri katika jarida la London Review of Books, akieleza kwamba Mpalestina amenyimwa vitu viwili: ardhi yake, na ruhusa ya kuisimulia habari yake kwa kinywa chake mwenyewe. Kunyimwa ardhi kunajulikana na kila mtu. Kunyimwa usimulizi ni dhuluma iliyojificha, lakini ndiyo inayoifanya ile ya kwanza idumu, kwa kuwa asiyesikika hahesabiwi.

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu wa Visiwani, na mbele ya viongozi wetu waliomo serikalini, kwa sababu nasi siku hizi tunatazama picha. Simu za mikononi zimejaa picha za Gaza. Mtu hunywa chai ya asubuhi akiitazama nyumba iliyoporomoka juu ya watu wake, na usiku hulala akiwa ameziona nyingine kumi. Picha tunaziona, ila maneno tunayatia wenyewe. Barazani, baada ya sala ya alasiri, kahawa ikizunguka, mmoja husema kwamba hii ni vita ya Waislamu na Mayahudi, imeandikwa tangu kale na haina mwisho mpaka Kiyama. Mwingine husema kwamba ni ugomvi wa Waarabu na jirani zao, hautupi wala hautunyimi. Wote wawili wanatundika chini ya picha maneno ambayo mwenye picha hakuyaandika. Ni haki basi, japo kwa siku moja, tumsikilize mwenyewe.

MZALIWA WA TALBIYA

Edward Said alizaliwa Jerusalem, mji ambao wazee wetu huuita Baitul Makdis, katika mtaa wa Talbiya, tarehe 1 Novemba 1935, wakati Palestina ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ofisi. Mama yake alikuwa mtu wa Nazareth. Familia iliishi zaidi Cairo, kwenye biashara ya baba, lakini Jerusalem ndiko kulikokuwa na ukoo, na mwaka 1947 kijana huyu alisoma skuli huko. Mwishoni mwa mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 12, aliondoka. Kufikia katikati ya mwaka 1948 jamaa zake wote walikuwa wamekwisha kutoka mjini humo, na hapana aliyerudi kuishi.

Yaliyotokea katika miezi ile yanajulikana, lakini yafaa kukumbushwa. Tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuigawa Palestina pande mbili, dola ya Mayahudi na dola ya Waarabu. Vita vikazuka. Tarehe 14 Mei 1948 ikatangazwa dola ya Israeli, na majeshi ya nchi jirani za Kiarabu yakaingia. Vita vilipokwisha, Wapalestina wapatao 700,000 au zaidi walikuwa wamefukuzwa au wamekimbia makwao, na vijiji zaidi ya 400 vilikuwa vitupu, vingi vyao vikabomolewa. Wapalestina huuita msiba huo Nakba.

Tarehe 11 Desemba 1948 Baraza Kuu lilipitisha azimio nambari 194, lililotamka kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi makwao na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe kurudi, na wasiotaka kurudi walipwe fidia ya mali zao. Azimio hilo halikutekelezwa. Badala yake, mwaka 1950 Israeli ilipitisha sheria mbili. Moja ilimpa kila Myahudi wa popote duniani haki ya kuja kuishi nchini humo. Nyingine iliweka mali za waliotoka chini ya msimamizi wa serikali kwa hoja kwamba wenyewe hawapo. Msomaji na azitie sheria hizo mbili katika mizani moja. Asiyepata kuiona nchi ana haki ya kuingia. Aliyezaliwa humo na funguo ya nyumba yake ingali mfukoni ameandikwa kuwa hayupo.

Said hakulala hemani, na hakupata kudai kwamba alilala. Wazazi wake walikuwa na uwezo. Aliyaona mateso ya wakimbizi kupitia kwa shangazi yake, ambaye huko Cairo alijitolea umri wake kuwatafutia dawa, kazi na nafasi za skuli watu waliofika mikono mitupu. Yeye mwenyewe alitiwa katika skuli ya Kiingereza ambamo kusema Kiarabu kulikuwa ni kosa. Mwaka 1951 alipelekwa Marekani, akasoma Princeton, kisha Harvard, na kuanzia mwaka 1963 akawa mwalimu Columbia. Kwa miaka mingi alikuwa bingwa wa vitabu vya watu wengine.

Vita vya Juni 1967 ndivyo vilivyomzindua. Kwa siku sita Israeli ilitwaa Ukingo wa Magharibi, Jerusalem ya Mashariki, Ukanda wa Gaza, Sinai na Milima ya Golan. Said alikuwa New York, na mwenyewe alieleza kwamba baada ya siku zile hakuwa tena mtu yule wa kwanza. Mwaka 1972 alikwenda Beirut kwa mwaka mmoja, na huko akakaa mbele ya mwalimu kujifunza upya Kiarabu cha fasaha. Sisi tuliolelewa asubuhi kwenye mkeka wa chuoni na mchana kwenye dawati la skuli ya serikali, wenye herufi mbili na vitabu vya namna mbili, tunaweza kuielewa hali ya mtu mzima, tena msomi, anayerudi kuitafuta lugha ya mama yake.

Kutoka hapo akawa msemaji. Mwaka 1977 aliingia katika Baraza la Taifa la Palestina, bunge la Wapalestina walioko uhamishoni, akiwa mjumbe asiyefungamana na kikundi chochote, akakaa humo mpaka mwaka 1991. Mwaka 1978 alitoa Orientalism, kitabu kilichoonyesha jinsi wataalamu wa Ulaya walivyokuwa wakiwaandika watu wa Mashariki kana kwamba wenyewe hawana ulimi. Mwaka uliofuata akatoa The Question of Palestine, akiwaeleza Wamarekani jambo ambalo wengi wao hawakupata kuambiwa: kwamba nchi ile haikuwa tupu.

NYUMBA ASIYOWEZA KUIINGIA

Mwaka 1992, baada ya miaka 45, Said alirudi Jerusalem pamoja na mke na watoto wake. Alikuja kwa pasi ya Kimarekani, kama mtalii. Akaitafuta nyumba ya ukoo wake Talbiya, akaikuta imesimama. Ndani yake mlikuwa na ofisi za jumuiya moja ya Kikristo kutoka nchi za nje, yenye kuiunga mkono Israeli. Yeye, Mkristo aliyezaliwa katika nyumba ile, akasimama nje. Akawaonyesha watoto wake dirisha la chumba alichozaliwa. Binti yake alimuuliza kama hataki kuingia atazame; akajibu kwamba hawezi.

Msomaji wa Visiwani hahitaji kufafanuliwa maana ya jambo hilo. Hapa petu mtu huuza shamba akabakisha mnazi mmoja, kwa sababu chini yake ndipo kitovu chake kilipozikwa. Said hakuililia thamani ya mawe. Mwenye mshahara wa Columbia angeweza kununua nyumba mahali pengi. Kilichomzuia mlangoni ni kwamba angeingia kama mgeni na kuomba ruhusa kwa mtu ambaye hajui, au hataki kujua, kwamba nyumba hii ilikuwa na wenyewe.

Hata utoto wake huo haukuachwa usalama. Mwaka 1999 jarida moja la Marekani lilichapisha makala marefu yenye kudai kwamba Said alikuwa mtu wa Cairo, na kwamba amejitungia ukimbizi asiokuwa nao. Yeye akajibu kwamba hajaficha kuishi kwake Cairo. Na kitabu cha maisha yake, Out of Place, kilichotoka mwaka huo huo, kimeyaeleza yote kinagaubaga. Lakini tazama ukubwa wa jambo. Mtu mmoja, mwenye cheti cha kuzaliwa na jamaa walio hai, analazimishwa kuthibitisha kwamba alizaliwa alipozaliwa. Itakuwaje kwa mama wa kambini Lebanon asiyejua kuandika jina lake?

WALIODHULUMIWA NA WALIODHULUMIWA

Sasa tunafika mahali ambapo Said anatutaka tumsikilize kwa makini zaidi, maana hasemi tunayopenda kuyasikia.

Yeye alisisitiza kwamba adui wa Wapalestina si mkoloni wa kawaida. Mfaransa alipoondoka Algeria alirudi Ufaransa. Myahudi wa Ulaya aliyefika Palestina baada ya vita vya pili vya dunia alitoka kwenye majivu. Watu wake milioni 6 walikuwa wameuawa na serikali ya Kinazi ya Ujerumani na washirika wake, na milango ya nchi nyingi kubwa ilikuwa imefungwa mbele yake. Wapalestina, alisema Said, wamedhulumiwa na watu waliodhulumiwa, na hapo ndipo ulipo uzito wa mkasa wao: kila wanapofungua kinywa kueleza msiba wao, hujibiwa kwa msiba mwingine.

Wako Waarabu na Waislamu walioona njia rahisi ya kutoka hapo ni kuukana msiba wa Mayahudi, au kuupunguza. Said aliwapinga hadharani. Aliandika kwamba kuyakana maangamizi yale ni ujinga na ni aibu, na kwamba asiyetambua uchungu wa mwenziwe hana haki ya kudai wake utambuliwe. Lakini palepale akaongeza hoja ambayo hakuiacha mpaka kufa kwake: maangamizi yale yalitendwa Ulaya na watu wa Ulaya, na hapana hesabu ya haki inayoweza kumlipisha deni hilo mkulima wa Galilaya. Alitaka mambo yote mawili yakiriwe pamoja. Myahudi akiri kwamba dola yake ilisimama juu ya kuondolewa kwa watu wengine. Mpalestina akiri kwamba aliyekaa mbele yake sasa ni taifa lenye historia na hofu yake, nalo haliendi popote.

Hofu hiyo ya Waisraeli ipo kweli, na mwenye kuandika kwa insafu hawezi kuipita kimya. Mwananchi wa Israeli anakumbuka Ulaya, anakumbuka vita vya 1948 na 1973, anakumbuka mabasi yaliyoripuliwa Jerusalem na Tel Aviv. Said alizilaani zile mashambulio za kujiripua katikati ya raia. Aliziona kuwa ni kosa la kimaadili na ni hasara kwa Wapalestina wenyewe. Alichokataa ni hofu ya mmoja kufanywa kisingizio cha kumnyima mwingine nchi, maji, njia na mahakama.

SI VITA VYA DINI

Rudi sasa kwenye baraza letu. Tumekwisha kuona kwamba msemaji huyu mkubwa wa Wapalestina alikuwa Mkristo, na kwamba nyumba yake ilikaliwa na Wakristo wenzake wa kutoka nje. George Habash, aliyeasisi kimojawapo cha vikundi vikali vya mapambano ya Wapalestina, naye alizaliwa katika ukoo wa Kikristo mjini Lydda. Kwa upande wa pili, wako Mayahudi, ndani ya Israeli na nje, waliosimama na Wapalestina mahakamani, magazetini na barabarani. Anayesema kwamba ni vita vya misikiti na masinagogi anawafuta wote hao kwa neno moja.

Na hapa kwetu tunao ushahidi wa karibu zaidi. Tanzania ilipovunja uhusiano wa kibalozi na Israeli mwaka 1973, na ilipowafungulia ofisi Dar es Salaam wawakilishi wa Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, rais wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyeshika dini yake. Hakufanya hivyo kwa kutafuta thawabu za Waislamu. Alisimamia kanuni ile ile iliyomsimamisha upande wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini: kwamba nchi haichukuliwi kwa nguvu, na watu hawatawaliwi pasipo ridhaa yao. Kanuni hiyo ikiwa ni ya haki, ni ya haki kwa kila mtu. Ikigeuzwa ya dini, itakuwa na nguvu msikitini tu, na nje ya mlango wake haitamshika yeyote.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Kijana anayefundishwa kwamba adui wa Mpalestina ni Myahudi kwa kuwa ni Myahudi, amefundishwa somo lile lile lililoijaza Ulaya makaburi. Sote tuliopita chuoni tulifundishwa kwamba uadilifu ni wajibu hata kwa yule tunayemchukia. Somo hilo ni jepesi kulihifadhi, na zito kulitenda.

KUWAKOSOA WALIO WETU

Said hakuwa na ukali kwa adui tu. Tarehe 13 Septemba 1993, Yasser Arafat na Yitzhak Rabin walipopeana mikono Washington kwa makubaliano ya Oslo, karibu dunia nzima ilishangilia. Said alipinga. Hakupinga kwa kuwa hakutaka amani, maana yeye alikuwa miongoni mwa Wapalestina wa mwanzo waliotaka Israeli itambuliwe. Alipinga kwa sababu aliyasoma maandishi. Aliona kwamba PLO imeitambua dola ya Israeli, ilhali Israeli imeitambua PLO tu kuwa ni mwakilishi wa Wapalestina. Dola yao haikutajwa. Mambo yote mazito, yaani Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka, yaliahirishwa. Na aliyeshika ardhi ndiye anayefaidika na kuahirishwa.

Waliomwita mkorofi wakati ule na watazame hesabu. Mwaka 1993 walowezi wa Kiisraeli katika Ukingo wa Magharibi, bila ya kuhesabu Jerusalem ya Mashariki, walikuwa zaidi kidogo ya 100,000. Miaka 30 baadaye walikuwa kiasi cha 500,000, na wengine zaidi ya 200,000 Jerusalem ya Mashariki. Nchi iliyokuwa ikizungumziwa mezani ilikuwa ikijengwa nyumba huku mazungumzo yakiendelea.

Said aliukosoa pia utawala wa Arafat kwa rushwa, kwa wingi wa vikosi vya usalama na kwa kuwanyamazisha wakosoaji. Malipo yake ni kwamba mwaka 1996 vitabu vyake vilipigwa marufuku na utawala huo huo wa Wapalestina. Aliyenyimwa maneno Geneva na nchi rafiki akanyimwa maneno nyumbani na ndugu zake. Hakuhama upande. Aliendelea kuitetea haki ile ile na kuwakosoa watu wale wale, kwa kuwa kwake haki ilikuwa kubwa kuliko walioshika bendera yake. Kwa sisi tuliokulia katika shughuli za chama na serikali hapo pana funzo lisilohitaji ufafanuzi mrefu: mkosoaji si lazima awe msaliti, na makofi si lazima yawe uaminifu.

Mwaka 1999 alikwenda mbali zaidi, akaandika kwamba nchi imekwisha kuchanganyika kiasi cha kutogawika, na kwamba njia iliyobaki ni watu wote wawili kuishi katika dola moja kwa uraia ulio sawa. Wapalestina wengi hawakukubaliana naye. PLO tangu mwaka 1988 ilikuwa imeshika msimamo wa dola mbili. Waisraeli walio wengi waliona kwamba huko ndiko kumalizika kwa dola yao. Ubishi huo haujesha, na si kazi ya gazeti la visiwani kuukata. Lakini mwaka huo huo, yeye na mwanamuziki wa Kiisraeli Daniel Barenboim waliwakusanya vijana wa Kiarabu na wa Kiisraeli mjini Weimar, Ujerumani, wapige muziki katika kikundi kimoja, na wakawapeleka kuitazama kambi ya mateso ya Buchenwald iliyo jirani na mji huo. Hakutegemea zeze lilete amani. Alitaka wakae kiti kwa kiti watu ambao kila mmoja hajapata kuisikia habari ya mwenziwe kutoka kinywani mwake.

MANENO YA LEO

Edward Said alifariki New York tarehe 25 Septemba 2003, baada ya kuugua saratani ya damu kwa zaidi ya miaka kumi. Hakuyaona yaliyofuata, wala haifai tumsemee. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao walivuka kutoka Gaza, wakawaua watu kiasi cha 1,200, wengi wao raia, na kuwachukua mateka wapatao 250. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Mwili wa mmoja wao ulishikiliwa Gaza miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025. Nao walikuwa na mama zao, na wao pia wana haki ya maneno chini ya picha zao.

Vita vya Israeli dhidi ya Gaza vilivyofuata, mpaka yaliposimamishwa mapigano Oktoba 2025, viliua zaidi ya Wapalestina 60,000 kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza, na kuwahamisha karibu wakazi wote wa ukanda huo. Wengi wa watu wa Gaza ni wakimbizi wa 1948 na wajukuu zao. Aliyekimbia mwaka 2023 kutoka kaskazini mwa Gaza kwenda kusini, babu yake alikwisha kukimbia njia ile ile.

Na sheria nayo ilisema. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuendelea kwa Israeli kuzikalia ardhi za Wapalestina zilizotwaliwa 1967 ni kinyume cha sheria. Septemba 2025 Uingereza, ambayo waziri wake Balfour aliwaahidi Mayahudi makao ya taifa katika Palestina tarehe 2 Novemba 1917, iliitambua dola ya Palestina. Tanzania ilikuwa imeitambua tangu mwaka 1988.

Kwa viongozi wetu, hapo pana urithi na pana wajibu. Tanzania ilirudisha uhusiano na Israeli mwaka 1995, ikafungua ubalozi Tel Aviv mwaka 2018, na Palestina nayo ina ubalozi Dar es Salaam. Kuwa na milango miwili si dhambi. Nchi hufanya biashara na hutafuta elimu na maji ya kunyweshea mashamba. Lakini mwenye milango miwili asiwe na ndimi mbili. Anayealikwa kote kuwili ana nafasi ya kusema kote kuwili neno lile lile: kwamba raia asiuawe, awe wa Gaza au wa upande wa pili wa uzio; kwamba ardhi haitwaliwi kwa nguvu; kwamba mkimbizi ana haki inayotambuliwa na azimio lililoandikwa. Serikali zile za Geneva zilikuwa tayari kuzitundika picha, zikaogopa maneno. Tusiwe katika safu yao.

Kwa wananchi wenzangu wa barazani, ombi ni dogo. Kabla ya kuipeleka picha kwa mwenzio, uliza mwenye picha angeandika nini chini yake. Huenda angeandika jina la kijiji, au mwaka, au namba ya nyumba. Aghalabu hataandika matusi.

Mabaharia wetu husema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Said alikwenda tezi na omo: Cairo, Princeton, Beirut, New York. Majivu yake yalizikwa Brummana, katika milima ya Lebanon, kwenye ukoo wa mkewe. Nyumba ya Talbiya ilikuwa kusini ya hapo, mwendo wa saa chache kwa gari lau mpaka ungekuwa wazi.